Samadi Chini ya Ukuta

Jumatatu, 3 Machi
Ukuta umekamilika. Ni mrefu kuliko mimi nikisimama juu ya ndoo (nimejaribu). Nyuma yake kuna nyumba mpya za mabati mekundu, zote sura moja. Njia yetu ya mtoni imemezwa humo. Ng'ombe wangu, mwenye mimba kubwa, alifika ukutani, akasimama, akanitazama. Tukazunguka kwa barabara ya lami, yeye akihema, mimi nikiona aibu. Safari nyingine kama hiyo na mimba itaharibika.

Aliyewauzia wageni shamba hilo ni shemeji, kaka wa mke wangu. Sasa anavaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba.

Mke wangu kasema twende tukabishe hodi, tuwaombe njia. Nimemwambia watu wa ukuta hawaombwi, wanafukuzwa. Nina mpango.

Jumanne, 4 Machi
Mpango ni samadi. Nimehamisha lundo lote la zizini, toroli baada ya toroli, hadi chini ya ukuta, upande unakotokea upepo. Mgongo sina tena. Kabla ya Jumapili watakuwa wamefunga virago. Shemeji amepita, kaziba pua, kauliza kama nina akili timamu. Nikajitia sijasikia.

Alhamisi, 6 Machi
Mambo yameharibika. Asubuhi kichwa kimechomoza juu ya ukuta. Ni muuguzi anayekaa nyumba ya kwanza, kapanda ngazi. Nikajiweka tayari kwa matusi. Kaniamkia shikamoo. Ikabidi niitikie marahaba, na ugomvi ni mgumu kuuanza baada ya marahaba. Akauliza kwa adabu kama samadi ile ina mwenyewe, maana viwanja vyao ni kifusi kitupu, hata mchicha umegoma kuota.

Sijui nilipatwa na nini. Nikasema achukue.

Hadi jioni wamekuja wote, na ndoo, na magunia, mmoja na beseni la kuogeshea mtoto. Wakalalamika kwamba kuzungukia getini ni mbali mno. Nikawapa pole kwa kejeli. Wakashukuru. Lundo limekwisha, na wamefagia hadi zizini. Zizi langu halijawahi kuwa safi hivi tangu nioe. Nina hasira sana.

Jumapili, 9 Machi
Silaha mpya: jogoo. Tangu Ijumaa namfunga chini ya ukuta, mkabala na dirisha la muuguzi. Jogoo huyu hafuati saa ya mtu, huwika akijisikia.

Leo muuguzi kaleta shukrani. Gari la kazini lilikuwa linamwacha kila mara, sasa jogoo anamwamsha mapema, anawahi hata kunywa chai. Kauliza jogoo anapenda kula nini. Mke wangu alicheka hadi akaegemea mlango. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Jumatatu, 10 Machi
Tukiwa kwenye lami, mbele ya geti lao, ng'ombe kalala chini. Uchungu. Ndama kageuka, miguu ya nyuma mbele. Niliogopa. Ng'ombe huyu ndiye aliyetulelea watoto, na nilijiona nampoteza pembeni ya barabara kwa sababu ya ukuta.

Geti likafunguka. Muuguzi akaja mbio, akisema ng'ombe hajawahi kumzalisha ila kuvuta anajua. Mwingine akaleta kamba, mwingine maji ya moto. Shemeji akatokea, akavua miwani, akalala kifudifudi kwenye vumbi akashika mguu. Tukavuta sote. Ndama jike, mzima. Mama yake akamlamba palepale getini, na watu wakapiga makofi.

Nililia kidogo. Shemeji pia, nimemwona. Hatutalizungumzia.

Jumatano, 12 Machi
Fundi katoboa ukuta! Kaweka kimlango, upana wa ng'ombe, pale pale ilipokuwa njia yetu. Nikamwuliza kama ni kwa sababu ya ndama. Kasema hapana, aliagizwa tangu Jumatatu ya wiki iliyopita, ila alikuwa na kazi kwingine.

Nikarudi nyumbani. Mke wangu, bila kuacha kuchambua mchele, kasema siku ile aliniacha natafuta ndoo ya kusimamia, akaenda kubisha hodi. Hawakujua kama palikuwa na njia, shemeji hakuwaambia. Walikubali kabla hajamaliza kusema.

Nimetafakari sana. Bila shaka ilikuwa samadi.

Ijumaa, 14 Machi
Leo tumepita kimlangoni, mimi, ng'ombe na ndama. Watoto wa kule wametusindikiza hadi mtoni. Bustani ya muuguzi imechipua, kijani kizuri. Nilikuwa na furaha kamili hadi nilipotazama ng'ambo. Vigingi vya wapima ardhi! Wageni wengine, karibu na mto wetu.

Nimemwambia muuguzi kwamba sisi wenyeji lazima tusimame pamoja. Kasema atawapelekea miche ya mchicha. Mke wangu kasema watakwenda wote wawili. Nimewasihi watulie, jambo hili linahitaji akili.

Tatizo ni moja tu. Samadi yote iko kwenye mchicha wa watu.

Nimemwongezea ng'ombe majani.