Santuri ya Faisal na Chumvi Yangu

Wenzangu, leo nimejianika. Mchana kweupe, na pakiti nzima ya chumvi mkononi.

Mnajua niko hapa Jeddah, mtaa wa Al-Rawdah, nyumba ya ghorofa tatu na mtu mmoja wa kuipanguza (mimi). Mnajua pia wiki hii ndiyo baba, bosi wangu, alikuwa anipe ruhusa ya kwenda nyumbani. Miaka miwili sijamwona Kevo, mwanangu. Nilimwacha hana meno ya mbele, na sasa yameota yote nikiyaona kwa simu tu. Sanduku nililifunga Jumapili. Kilichobaki ni madam akubali, baba abonyeze ruhusa kwenye simu yake, halas, kwisha.

Familia ilikuwa Riyadh kwa harusi, irudi leo jioni. Nilikuwa peke yangu. Au nilidhani hivyo.

Saa tisa vumbi likaingia mjini. Mlio huku mmeliona. Jua likapotea, dirisha likawa rangi ya chai ya maziwa. Nikafunga kila kitu. Nyumba ikanyamaza mpaka nikawa nasikia kandambili zangu mwenyewe.

Halafu ikaanza. Huko juu, chumba cha Faisal, kijana wa bosi aliyerudi juzi kutoka masomoni Amerika. Kwanza mngurumo wa polepole, kama mtu anaburuta kabati na hafiki anakoenda. Kisha ngoma, moja, moja. Kisha mwanaume akaanza kuimba kama amefungiwa ndani ya pipa la maji. Na katikati ya kuimba maneno yakaanza kwenda kinyumenyume, yanamezwa badala ya kutoka!

"Faisal?" nikaita. Ngoma. "Madam?" Mngurumo.

Mtu mwenye akili angerudi jikoni. Mimi mguu ukapanda ngazi wenyewe (huu mguu nitaushtaki). Nilipofika ghorofa ya pili, muziki ukakatika. Ikabaki ile sauti tu, kwa Kizungu, inarudia jambo moja. Huendi nyumbani. Krrr. Huendi nyumbani. Krrr.

Ngai! Na sanduku langu limefungwa! Nani alimwambia?

Nikampigia Dada Beatrice, yule wetu wa maombi, anafanya kazi Riyadh.

"Rispa, hiyo ni roho ya kufunga njia," akasema bila hata kusita. "Uko na chumvi?"

"Iko."

"Mafuta?"

"Ya zeituni. Lakini ni ya saladi."

"Yatatosha. Yaombee, uniweke spika, uingie."

Nikashuka jikoni, nikabeba vyote, nikapanda nikimwaga chumvi kila ngazi. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Ndani hakuna mtu. Kitandani kulikuwa na karatasi kubwa yenye picha ya mwanamke asiye na macho, nywele zake zinageuka moshi, zambarau na kijani vinayeyukiana. Mezani kuna mashine, na juu yake sahani nyeusi inazunguka yenyewe. Huendi nyumbani. Krrr.

Nikamimina mafuta juu ya mashine, alama ya msalaba kabisa. "Toka!" nikapiga kelele. "Choma!" akajibu Beatrice kwa spika. "Choma, Rispa!"

Nyuma yangu mlango wa bafu ukafunguka.

Kikatoka kitu cheupe. Kanzu nyeupe mpaka chini, mvuke nyuma yake, uso mweupe usio na mdomo. Sikufikiri. Nilikirushia chumvi yote iliyobaki, pakiti ikiwemo.

"Ya Allah! Macho yangu!"

"Inaongea Kiarabu!" Beatrice akalia. "Usiiache! Choma!"

Alikuwa Faisal. Alikuja na ndege ya asubuhi, peke yake, bila kuniambia. Alikuwa ananyoa ndevu, uso umejaa povu.

Nikazima simu. Nikakaa chini nikalia, kulia kwa kweli. "Faisal, usimwambie madam. Atanizuilia ruhusa."

Yeye, macho mekundu kama nyanya, alikuwa anafuta sahani yake kwa kanzu. Akaniambia ile picha ni jalada, na hiyo sahani ni santuri, albamu ya kwanza ya vijana wa mji mmoja wa mvua huko Amerika, waliopiga magitaa ya kunguruma namna hiyo kabla watu hawajayajua. Kampuni iliyoitoa ilikuwa ya watu wawili tu, nakala chache. Ameitafuta miaka. Upande wa pili ukiisha, mstari wa mwisho umechongwa duara, maneno yanajirudia mpaka uinue sindano.

"Ni mchezo tu," akasema.

"Mchezo gani wa kuambia watu hawaendi nyumbani?"

Akaipangusa santuri tena. "Huko Amerika niliisikiliza kila siku nikitamani kurudi."

Basi nikamhurumia (kosa la pili la leo). Mama yake aliapa kuchoma chochote chenye kelele hizo ndani ya nyumba. Tukakubaliana: mimi sisemi santuri, yeye hasemi chumvi. Akazima mashine, akaacha santuri palepale.

Saa kumi na moja wakafika. Nikatoa kahawa kwa sura ya malaika. "Macho yako yana nini?" madam akamuuliza Faisal. "Vumbi," akasema. Baba akatoa simu. "Tumalize safari ya Risba," akasema (herufi P kwao haipo).

Juu: krrr. Huendi nyumbani.

Faisal akaniangalia. Mafuta yangu, jamani. Yalikuwa yameingia kwenye vitufe na mashine ikajiwasha yenyewe.

Kikombe cha madam kikaanguka. "Bismillah! Risba, leta chumvi!"

"Iko huko juu tayari, madam."

Mdomo wangu! Madam akaenda kwenye ngazi, akaona chumvi, akanusa mafuta. Akarudi akaniangalia kwa upendo ambao sijauona miaka miwili. Faisal akafungua mdomo. Akaufunga tena.

"Huyu anajua kufukuza majini," madam akamwambia baba. "Mafi safari, hakuna kwenda. Anakaa."

Baba akarudisha simu mfukoni.

Sasa niko jikoni nawaandikia. Faisal amekuja kunywa maji mara tatu na hana kiu. Nimemwambia ana mpaka kifungua kinywa. Asipokiri kwamba ilikuwa santuri yake, nitaiteremsha hiyo santuri sebuleni niiweke mwenyewe, upande wa pili, sauti yote. Beatrice ameuliza kama roho ilitoka. Nimemwambia ilitoka, ikaketi na familia.

Msicheke, tafadhali. Sanduku sijalifungua.