Ndama wa Kopo la Siagi

Aliye na kikohozi akohoe sasa, na mwenye mbuzi amfunge, maana nikishaanza sisimami. Nasimulia vita ambavyo havikutajwa Bagamoyo wala Tabora, na aibu ni ya Bagamoyo na Tabora, si yangu. Namtanguliza Mola aliyemlainishia Daudi chuma mkononi, na baada yake namtaja Fundi Athuman bin Mbwana, simba wa jiriwa, sultani wa tupa, mshika nyundo asiyejigonga kidole ila anapoitwa kula, aliyeifuata reli ya Wadachi tangu pwani akiziuguza injini zake, hata akafika Dodoma penye upepo na vumbi, akasema hapa panatosha.

Kwa haki, aliyesema panatosha ni mkewe, Mwanahawa. Huyo ndiye aliyeubeba mtungi wa maji kutoka kambi hadi kambi, na siku walipoingia nyumba ya udongo nyuma ya stesheni aliutua karibu na mlango, akanyoosha kiuno, akanena.

“Baba Stara, mtungi huu umehama vya kutosha. Reli ikitaka kwenda na iende, nawe ukitaka uifuate. Mimi na mtungi tunabaki.”

Fundi alicheka. Alikoma kucheka Bwana Msimamizi alipomwita. Huyu alikuwa Mdachi mwenye ndevu nyekundu na subira fupi, na karakana yote ya Dodoma ilikuwa chini ya kidole chake. Alisema amechoka kuletewa mafundi wa pwani wanaougua homa wakifika na kutoroka wakipona. Anataka mwanagenzi wa nchi hii wa kufundishwa ufundi, mwenye kwao hapa hapa. Siku ya mnada wa ng'ombe jua likizama bila kupatikana hata mmoja, jiriwa, kile kibanio cha kushikia chuma, itang'olewa mezani, karakana itafungwa, na Athuman atarudishwa Morogoro. Fundi alitoka pale ameelewa vizuri kwamba atapata kazi bila mke, au mke bila kazi.

Basi akaondoka kwenda kutafuta jeshi la wanagenzi. Alihutubia kijiji cha Mkonze, akahutubia Makutupora, akayasifu magurudumu kwa maneno ambayo bibi harusi angeyaonea wivu. Vijana wa Kigogo walimsikiliza kwa adabu, wakamtilia maziwa, wakamwambia chuma hakizai. Mzee mmoja alitaka kujua, mtu akishinda anapiga tupa kutwa nzima, jioni anarudi na nini zizini. Fundi alikunywa maziwa akarudi.

Hapo ndipo lilipomjia shauri ambalo majemadari wakubwa hawakuwahi kulipata, kwa kuwa wao hawakuwa na kopo la siagi. Kama watu hawaji kwenye injini, injini itawaendea. Akalitwaa kopo la siagi ya Wadachi, akalitia lehemu likawa tangi la mvuke. Ganda la risasi, lililokuwa limekusudiwa kuua mtu, akaligeuza bomba la pistoni. Vifungo vya koti kuukuu la askari vikawa magurudumu, na unyoya mnene wa kanga, wenye shina tupu ndani, ukawa filimbi. Kisha akazinyoosha pete za pipa, akazipigilia kwenye vijiti zikawa reli, urefu wa mtu mmoja aliyelala akajinyoosha. Chombo kilipokamilika kilikuwa kimo cha paka aliyeketi. Mwanahawa alikitazama, akauliza siagi iliyokuwamo imekwenda wapi.

Siku ya mnada ikapambazuka na upepo wake. Alasiri Fundi akatandika reli zake vumbini kati ya wauza ng'ombe na wauza chumvi, akatia maji, akatia makaa, akasimama wima kama bendera. Watu wakajaa. Mbele yao wote alisimama Ndahani wa Mkonze, kijana mrefu mwenye fimbo, mjuzi wa ng'ombe ambaye wazee wenyewe walimwendea kumuuliza, na aliyetazamwa na vijana wenzake kabla hawajaamua kucheka au kutocheka.

“Mbukwa, Fundi,” akasalimu.

“Mbukwa, mwanangu.”

Ndahani akauliza kitu hicho kinakula nini. Akaambiwa makaa. Akauliza kinakunywa nini. Akaambiwa maji. Uso wake ukabadilika.

“Kiangazi hiki,” akasema polepole, “mama zetu wanachimba mchanga wa korongo wapate kata moja. Wewe unanywesha kopo.”

Mkutano ukaguna. Lilikuwa pigo la mkuki, na liliingia. Fundi Athuman alijibu kwa hotuba ndefu iliyopita kwa Nabii Nuhu, fundi wa kwanza kuchekwa na majirani, ikaja hadi kwenye pistoni. Lakini upepo uliichukua nusu yake, na ile nusu nyingine haikuwa nzuri. Wakati huo wote kopo lilikuwa limekaa kimya. Liliunguruma kidogo, likatoa tone moja, likanyamaza. Watu wa nyuma wakaanza kurudi kwenye ng'ombe zao. Jua lilikuwa limeinama, na Bwana Msimamizi alionekana mbali, anakuja, saa yake mkononi. Fundi alipiga goti akapuliza makaa hata macho yakamtoka machozi, na si moshi peke yake uliomliza.

Ndahani hakuondoka. Hakuweza kumwona mnyama aliyetiwa maji akasusa, hata akiwa wa bati. Akachuchumaa kando ya reli, akafanya afanyavyo kila mchungaji kisimani ng'ombe akisita kunywa. Alipiga mluzi, laini, mrefu, wa kubembeleza.

Kopo likamjibu.

Wajuzi watasema mvuke ulikuwa umekwisha kuiva. Sisi hatubishani na wajuzi. Tunachojua ni kwamba unyoya wa kanga ulilia mbele ya mnada mzima, pistoni ikasukuma, vifungo vya askari vikazunguka, na ile injini ikaenda, ikaenda, ikamaliza reli zote, ikatumbukia vumbini na kumgonga Ndahani dole gumba la mguu, ikamuunguza. Yeye hakuruka. Aliitazama ilivyolala ubavu, inapumua.

“Huyu ni ndama,” akasema. “Mama yake yuko wapi?”

Hapo Fundi Athuman, msemaji wa Mkonze na Makutupora, aliinua mkono tu, akaonyesha stesheni, ambako injini kubwa ilikuwa imesimama chini ya tangi la maji, nyeusi, inatoa mvuke.

“Ndama hachungwi mbali na mama yake,” akasema Ndahani. Akamfunika yule mdogo kwa nguo yake, akamkumbatia, akaelekea karakana akichechemea, bila kumuuliza mtu njia. Bwana Msimamizi alipishana naye, akageuka, akamtazama Fundi.

“Mmoja?” akauliza.

“Mmoja,” akajibu Fundi.

Mdachi akalitazama jua, akairudisha saa mfukoni.

Na ijulikane basi, kwa vizazi vilivyo mbele na kwa majirani wanaodai wao ndio waliotangulia, kwamba siku hiyo nchi ya kati iliinuka na kuushika ufundi, ikiwa na mtu mmoja, fimbo moja na dole gumba lenye lengelenge. Jioni Fundi alimchukua mwanagenzi wake nyumbani ale. Walipokaribia walisikia maji yakimiminwa mtungini, ndoo kwa ndoo, mtungi ambao tangu amri ya Mdachi ulikuwa umewekwa mtupu, kwa kuwa Mwanahawa aliapa hatajaza maji ya kumwaga iwapo itabidi kuhama. Habari ilikuwa imemfikia mapema. Athuman akasimama pale nje, mkono kifuani, hawezi kuingia.

Ndahani naye, kusikia maji, akasahau yuko wapi, akapiga mluzi.

“Nani huyo ananipigia mluzi nyumbani kwangu?” ikauliza sauti ya ndani.

“Mgeni wetu, Mama Stara,” akasema Fundi. “Msamehe. Ndiyo kazi yake.”

“Basi aingie. Na huyo ndama wake abaki nje, asininywee maji.”