Farasi Mmoja, Sindano Mbili

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imekatika, mbu wameingia. Leo daktari wa mifugo kapita uani kwetu. Kijana mdogo, miwani mikubwa, mkoba unamzidi kimo. Kasema kuna homa ya ubongo inayoua farasi. Virusi vyake vinakaa kwa ndege. Mbu anamfyonza ndege, halafu anakuja kumuuma farasi. Ikishampata, dawa ya kuiondoa hakuna. Kuna chanjo tu, na atakuja nayo Alhamisi. Sindano moja sasa, ya pili baada ya wiki nne. Na farasi akishachomwa, apumzike siku mbili, asivute kitu.

Siku mbili! Nusura nimrudishe kwa mama yake akanyonye.

Hariri wangu ndiye anayevuta gari la mikate asubuhi. Mtaa mzima unaamka kwa kwato zake. Gari la jioni analivuta Kishindo, farasi wa wifi yangu, na la jioni ni la mikate iliyobaki. Hariri alale ndani siku mbili, wifi aniguse bega aniulize kama nimezeeka? Labda nife kwanza.

Halafu hiyo sindano yenyewe nimeiona. Ndefu! Mimi sindano hata ya kushonea naishika kwa adabu.

Jumatano, 6 Machi

Akili imekuja nikiwa nakanda shingo ya Hariri. Shule sikwenda, herufi nimejifunza kwenye magunia ya unga, lakini kichwa ninacho!

Hariri na Kishindo ni mtu na mdogo wake. Mama mmoja, rangi moja ya kahawia. Tofauti yao ni soksi nyeupe ya Hariri, mguu wa nyuma wa kushoto. Soksi ni nini? Ni unga na maji kidogo.

Alhamisi, 7 Machi

Nimefanya! Acha nijisifu, hakuna anayesoma hapa.

Daktari kaanza na Kishindo. Kamchoma upande mmoja wa shingo, kisha wifi kamkaribisha chai ndani. Wifi akishashika birika mgeni hatoki upesi. Mimi huku: Hariri nje, nyuma ya ghala la mwoka mikate. Kishindo ndani ya banda la Hariri, ule upande mwingine wa shingo ndio umtazame daktari. Unga mguuni, paka paka, soksi hiyo!

Daktari karudi, miwani imejaa mvuke wa chai. Kauliza kama huyu ndiye Hariri. Nikamwuliza kama anaona soksi au haoni. Akamchoma. Kishindo kanitazama kama mtu aliyelipishwa nauli mara mbili. Nikamnong'oneza anisamehe, ni mambo ya familia.

Kisha daktari kanihubiria. Chanjo peke yake haitoshi, maji yasituame popote, mbu anataga hata kwenye kifuniko cha chupa. Farasi waingie ndani kabla jua halijazama, wasitoke mpaka limepanda. Vyandarua madirishani, na feni, maana mbu hawezi kuruka penye upepo. Nikaitikia kila neno. Kuitikia hakuumi.

Ijumaa, 8 Machi

Leo Hariri kavuta gari la asubuhi NA la jioni! Kishindo kalala. Mwoka mikate kashika kichwa. Kaniuliza si amechanjwa jana huyu? Nikamwambia wengine wanachanjwa wanalala, wangu anachanjwa anakazana. Watu wametoka madukani kumwangalia. Mshona viatu kampigia makofi. Nimetembea pembeni yake kama mama wa bwana harusi.

Wifi kanuna. Kasema mguu wa Kishindo unanuka maandazi na shomoro wanaudonoa. Nikamwambia ni jasho la uvivu.

Jumapili, 10 Machi

Farasi wa mfyatua matofali anaumwa. Nimekwenda mwenyewe. Midomo inamtetemeka, miguu ya nyuma inapishana kama ya mlevi, kichwa kakisukumiza ukutani. Mfyatua matofali alisema chanjo ni mchezo wa watu wenye nafasi. Leo kakaa chini kando ya farasi wake, anamfukuzia nzi. Nimemfunika mabega na mtandio wangu wa zambarau, nikakaa naye.

Jumatatu, 11 Machi

Farasi wa mfyatua matofali amekufa.

Nimerudi nikamkuta Hariri anatafuna. Kanipulizia pua shingoni kama kawaida yake. Mtaa wote unajua amechanjwa. Mimi peke yangu najua hana hata tone.

Nimwambie daktari? Niwaambie watu yule shujaa wa Ijumaa alikuwa hajachomwa? Kwa kinywa hikihiki nilichojisifia?

Hapana. Mbu hatamgusa. Nitawamaliza mimi.

Jumanne, 12 Machi

Vita! Makopo nimeyapindua. Matairi mabovu ya uani nimeyatoboa maji yatoke. Hori la maji nimelisugua, nikajaza mapya. Mfereji nimeuzibua kwa mikono yangu. Kopo moja lenye kutu limenichana mguu, damu kidogo, si kitu. Chandarua cha kitandani kwangu nimekipigilia dirishani kwa Hariri. Feni yangu pia nimempa. Mimi nilale na joto, nimeshalizoea.

Kisha chandarua cha pili, kile cha wageni, nimekishona suruali. Miguu minne, kamba kiunoni. Maana gari la mikate linatoka alfajiri, na alfajiri ndiyo saa ya mbu.

Wifi kaja kuchungulia. Kauliza nimemshonea farasi au nimejishonea mwenyewe. Nikamwambia atoke, anaingiza mbu kwa maneno yake.

Jumatano, 13 Machi

Suruali imetoka mtaani. Watoto wamecheka, mwoka mikate kacheka mpaka kaangusha trei. Wacheke! Farasi gani mwingine mtaa huu ana suruali? Hariri katembea kichwa juu. Anajua ni mtoto wa nani.

Alhamisi, 14 Machi

Naandika miguu ikiwa bado na vumbi.

Mbele ya duka la fundi saa, Hariri kajikwaa. Miguu ya nyuma ikapishana. Kama ya mlevi! Akapiga magoti, mikate ikamwagika barabarani.

Sikumbuki kukimbia. Nakumbuka nimesimama kwenye foleni ya watu ofisini kwa daktari, viatu sina, nalia kwa sauti. Nikasema yote. Unga, soksi, chai, Kishindo. Nikamwambia daktari: mjukuu wangu, nichome mimi, nifunge, lakini niponyeshee huyu.

Kaja mbio na mkoba wake. Kampima joto, kamtazama macho, kamshika midomo. Kisha kainama, kavuta kamba ya suruali iliyojiviringisha miguuni. Kanionyesha. Kamba! Hariri hana homa. Kavaa vibaya tu.

Hapo ndipo kanigombeza. Kasema nimemchezea shere, na Kishindo naye angeweza kudhurika, bahati ni mzima. Nikamwambia agombeze, ana haki, ila achome kwanza. Kamchoma. Nilifumba macho mimi, Hariri hata hakupepesa.

Kisha kazunguka banda langu lote. Katafuta viluwiluwi vya mbu kwa tochi, hakupata hata mmoja! Upande wa wifi kapata ndoo nzima. Kasema mbele ya watu kwamba wenye farasi wote waje kujifunza kwangu. Kwangu!

Wifi alikuwa kasikia kila kitu. Nikamngoja anirukie. Kakaa juu ya ndoo akacheka mpaka machozi, akasema kumbe ndiyo maana shomoro. Nikamkumbatia. Kisha tumeimwaga ile ndoo yake pamoja.

Jumamosi, 16 Machi

Hariri anapumzika siku zake mbili. Kishindo yuko gari la asubuhi. Watu wakiniuliza, nasema Hariri kachoka kusifiwa. Mfyatua matofali kaja kuangalia banda. Ananunua farasi mwingine, na kasema safari hii atamchanja kabla hata ya kumpa jina.

Daktari kaona mguu wangu uliochanika. Kasema jeraha kama hili huingiza pepopunda, Jumatatu niende zahanati nikachomwe. Mimi! Kaniandikia na kadi.

Jumapili, 17 Machi

Akili imekuja!

Wifi kesho anakwenda zahanati kuchukua dawa ya macho. Kwa nyuma tumefanana sana, kimo kimoja, mwendo mmoja. Nimempa ule mtandio wangu wa zambarau, nimemwambia unampendeza kuliko mimi. Kadi yangu nimeitumbukiza kwenye mkoba wake. Muuguzi ataona mtandio, ataona kadi, kwisha kazi.

Wifi kaupokea haraka, anatabasamu. Maskini, anapenda vitu vya bure. Kasema kesho nisitoke nyumbani kabisa, niupumzishe mguu, na mlango wa ua niuache wazi. Halafu kaniuliza muuguzi akija nyumbani anakunywa chai ya maziwa au kavu.

Ajabu, maswali mengine! Lakini ana roho nzuri siku hizi, wifi yangu. Nimemlea vizuri.