Bakapu Iliyonionyesha Ukutani Mbele ya Wageni

Jamani, leo nimeaibika. Tena kwa projekta.

Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama wafuga kuku kule Ulemo, ila ninaishi Kiomboi. Leo tulikuwa na wageni wa mradi unaogawa mashine za kutotolesha vifaranga. Hawagawi mpaka waone kazi. Na kazi yetu yote nimeipiga picha: mabanda, chanjo, vifaranga, mpaka yule jogoo mkorofi. Mimi leo nilitakiwa kuonyesha picha tu. Basi!

Asubuhi Mama Mwenyekiti akanipigia.

"Laptop unakuja nayo?"

"Hapana, Mama. Bodaboda na yale makorongo, itavunjika. Wageni wana ya kwao. Mimi naja na bakapu."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Nakala ya kila kitu, Mama. Mimi sibahatishi." (Nilisema hivyo. Kwa mdomo wangu huu.)

Sasa niwaeleze. Nina programu ambayo kila jioni inachukua vitu vipya kwenye folda ya kikundi, inavikopi kwenye hadidiski ndogo ya kuchomeka. Nikifuta kitu kwenye folda, nayo inafuta kule. Wiki iliyopita sehemu ile ya laptop ilijaa, nikahamishia picha zote sehemu nyingine kwenye laptop hiyohiyo. Programu sikuiambia. Nilidhani itajua! (Itajuaje? Ina macho?) Ikaendelea kuchungulia palepale pa zamani, ikakuta picha hazipo, ikazifuta zote kwenye hadidiski. Kwa utii kabisa.

Ila folda ya zamani haikubaki tupu.

Juzi nilikuwa chumbani najirekodi, nafanya mazoezi ya kuwakaribisha wageni. Nikachoka. Nikaanza kumwigiza Mama Mwenyekiti. Kanga kiunoni, mwiko ndiyo maiki, natembea kama yeye, nakohoa kama yeye. Video nikaihifadhi, kwa mazoea, kwenye folda ileile ya zamani.

Najua mmeshaelewa. Mimi nilikuwa bado.

Ofisi ya kijiji imejaa. Nikawaamkia wageni, nikachomeka hadidiski kwa madaha. Nafungua folda. Faili moja. Moja! Jasho likanitoka mpaka viganjani.

Dada mmoja wa mradi akasema, "Labda picha mmeziunganisha zikawa video," akabofya kabla sijamshika mkono.

Ukutani nikatokea mimi, mkubwa kama mlango. Nakohoa.

"Ndugu wajumbe! Mimi sigombani na mtu. Ila leo tutagombana!"

Halafu ofisi nzima ikalipuka kwa kicheko. Natafuta pa kuizimia video, sipaoni, laptop si yangu! Nikakimbilia kusimama mbele ya projekta kuziba. Video ikaendelea juu ya gauni langu.

Mama Mwenyekiti akanyanyuka. Akakohoa. (Kikohozi kilekile!) Watu wakaanza upya, wengine wanafuta machozi.

"Katibu," akasema, "picha za kuku ziko wapi?"

"Ziko salama, Mama."

"Salama wapi?"

"Kiomboi."

Akanipa mgongo. Kisha akawachukua wageni kwenda kuona kuku wenyewe, banda kwa banda. Mimi nikabaki nakunja waya. Hakuna aliyeniita.

Waliporudi, wageni walikuwa na nyuso nzuri. Wamesema kuku wamewapenda, majibu watatuletea. Nikashusha pumzi. Nikamfuata Mwenyekiti pembeni, nikapiga goti kabisa.

"Mama, nisamehe. Ile video naifuta sasa hivi."

"Usiifute. Nitaihitaji kwenye kikao."

"Kikao gani, Mama?"

"Cha kukujadili wewe."

Jamani, naomba msinicheke. Na wewe uliyehamisha folda wiki hii, kaiambie programu yako kwanza, ndipo uje kunipa pole.