Sauti ya Mama Ndani ya Sufuria

Jumatatu, 3 Machi

Wiki ya pili mjini na bado naogopa kila kitu. Naogopa jiko la gesi. Naogopa kuvuka barabara. Naogopa pasi ya mvuke pale kwa dobi, na kazi yangu ndiyo hiyo, kupiga pasi. Zaidi ya yote naogopa asubuhi. Nyumbani sikuwahi kuamka mwenyewe. Mama alisimama mlangoni akanisema mpaka nikainuka. Hapa kimya. Nafumbua macho, natazama dari, moyo unadunda kama wa mwizi.

Kurudi siwezi. Siku naondoka, mjomba aliapa mbele ya watu kwamba sitamaliza mwezi. Nikirudi atanicheka mpaka mmoja wetu afe.

Ila akili ninazo! Leo nimempigia mama, nikamwomba anigombeze ili nimrekodi. Akakataa. Akasema hawezi kumgombeza mtu ambaye hajakosea, yeye si kasuku. Ikabidi nikosee. Nikamwambia sijafagia chumba tangu nihamie. Lahaula! Alianza na vumbi, akapita kwenye vyombo, akafika kwenye usingizi wangu, mpaka sikio likapata moto. Simu imenasa yote. Nimeipanga iniamshe kesho.

Jumanne, 4 Machi

Raha iliyoje! Niliamshwa na mama: "Wewe Kitinda! Jua limefika utosini, umelala tu!" Nililia kidogo. Vumbi.

Nikaenda jikoni natabasamu. Tabasamu likaniganda. Sajini alikuwa amesimama kwenye beseni la vyombo, mikono nyuma. Sajini ni mlinzi mstaafu anayetusimamia sisi wapangaji kwa niaba ya mwenye nyumba. Sheria yake ni moja: hakuna mgeni wa kulala. Aliyekuwa na chumba changu alimlaza binamu yake usiku mmoja. Chai haijapoa, godoro lake lilikuwa nje.

Sajini akauliza ni mwanamke gani aliyemo chumbani kwangu. Nikasema ni redio. Mwashi, jirani yangu wa ukutani, mtu mkubwa kama mlango, akauliza ni redio gani inayonijua kwa jina. Nikajikohoza. Akasema njia ya mwongo fupi, akaenda kazini.

Chai nikaiacha mezani, nami nikakimbilia kazini.

Jumatano, 5 Machi

Ningeweza kusema ukweli. Lakini mwanamume wa miaka thelathini, ndevu zimejaa, anasikiliza mama yake kwenye simu ili aamke? Afadhali godoro nje.

Mbinu: jana usiku simu nikaitia ndani ya sufuria, nikafunika, nikaweka na mto juu. Sauti itakufa humo humo.

Haikufa. Sufuria iliikuza! Nilizinduka usingizini mama akinguruma chini ya mto: "Na vyombo hivyo unamwachia nani?" Kuta zilitetemeka. Nilipochungulia jikoni nikamwona Mwashi, macho nusu yamefumba, anaosha sahani zake. Hajawahi kuosha sahani tangu nimjue.

Sajini alinisubiri mlangoni. Akasema amesikia vizuri sasa, na huyo si msichana, ni mtu mzima. Jambo hilo lilionekana kumkera zaidi. Jumamosi asubuhi atakagua chumba, kabati hadi uvungu.

Nimehesabu: zimebaki siku tatu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeunguza kola ya shati la mteja. Nilikuwa nawaza godoro. Dobi mkuu alininyooshea tu ile kola mbele ya uso. Ingekuwa nafuu angenitukana.

Mjomba kapiga simu. Anauliza kwa upole kama nitarudi wiki hii au ijayo, ili ajue kama aendelee kuanika mahindi kitandani kwangu. Nikamwambia mambo yangu ni moto. Hilo ni kweli kabisa.

Nimejaribu kuifuta sauti ya mama. Kidole kimefika, kimekataa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata! Mwanamke asiyeonekana, anayesikika asubuhi tu? Jini!

Nilimwendea Msusi, dada wa chumba cha mbele, maana ukimwambia yeye umewaambia wote. Nikamnong'oneza kwamba mimi pia naisikia ile sauti, na chumbani niko peke yangu. Mate yakamkauka. Kufika jioni Mwashi kahamishia kitanda chake mbali na ukuta. Sajini kakohoa, kasema yeye haamini mambo hayo, na taa ya ukumbini isizimwe.

Ushindi. Tatizo ni kwamba nimelieleza jini lile vizuri mno. Nilimwambia Msusi kuwa nyayo zake hazigusi chini. Sasa kila ubao ukilia naangalia chini ya mlango.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza.

Simu niliizima nikaitia ndani ya soksi. Sajini akaingia. Nyuma yake Mwashi na mwiko wake wa kujengea, nyuma ya Mwashi, Msusi. Sajini akafungua kabati: nguo. Akainama uvunguni: viatu na vumbi. Akafunua sufuria: tupu. Nikaanza kupumua.

Hapo sauti ikaja dirishani. "Wewe Kitinda! Umefagia?"

Simu imezimwa. Simu imo ndani ya soksi! Msusi alikimbilia bafuni akajifungia. Mwashi, mtu wa kubeba mifuko miwili ya saruji kwa mpigo, alipanda kitandani kwangu na viatu vyake. Sajini alipiga saluti, sijui kwa nani. Mimi niliingia uvunguni. Jini nililitunga mwenyewe, na nililiamini kuliko wote.

Mlango ukafunguka. Nikaona miguu miwili, inagusa chini. Halafu ufagio.

Mama! Alisafiri usiku kucha kwa ajili ya kile chumba nilichomwambia sijakifagia. Na kweli sikuwa nimekifagia.

Alimshusha Mwashi kitandani kwa jicho tu. Akamuuliza Sajini nani msimamizi wa beseni lile jikoni. Sajini akasema shikamoo, mama, akaenda kutafuta kitambaa. Ya wageni hakuyataja. Msusi akapiga kelele toka bafuni kwamba ndiyo sauti yenyewe, ndiyo ile ya asubuhi. Mama akauliza sauti gani. Wote wakanitazama. Nikaitoa simu ndani ya soksi.

Tulisimama tukamsikiliza mama kwenye simu, na mama yupo pale pale. Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililonitisha. Walitoka mmoja mmoja, kwa adabu, kama watu wanaotoka msibani.

Mama akakaa kitandani. Akaniuliza, safari hii bila kugomba, "Unataka turudi wote?"

Niliogopa kusema ndiyo. Niliogopa kusema hapana. Nikasema hiyo sauti ni kengele tu. Akanifuta vumbi begani.

"Mlango wa kwetu haufungwi, mwanangu. Kwa hiyo usiukimbilie. Utaukuta."

Akaondoka na basi la mchana. Ufagio kauacha.

Jumapili, 9 Machi

Chumba kinang'aa. Kimya ni kikubwa kuliko mwanzo. Nililia, na vumbi la kusingizia halipo tena.

Asubuhi Mwashi aligonga. Alizungukazunguka, akaulizia hali yangu, mwisho akasema mbona leo hapakuwa na sauti, amechelewa kuamka. Mama yake, akasema, alikuwa mkali vile vile. Akatazama viatu vyake. Baadaye Sajini naye akapita, akasema kiutawala haoni ubaya simu ikikaa jikoni kila asubuhi. Ndani ya sufuria, akasisitiza.

Basi tumeelewana. Sifukuzwi. Nina watu. Mtu mwenye busara angeshukuru Mungu akanyamaza.

Lakini nimefikiri. Ikiwa chumba kisichofagiliwa kimemleta mama hapa, je, kikohozi? Nikampigia. Nikamwambia nina kikohozi. Kidogo. Kikavu. Nikamkoholea kidogo.

Mama akanipa pole. Akasema yeye amechoka na safari, hatakuja. Anamtuma mjomba aniuguze. Atakaa mwezi mzima, na anakuja na godoro lake.

Mwezi mzima! Na Sajini je? Na ile sheria?

Hapana, akili ninazo bado. Kesho asubuhi namwendea Msusi, namnong'oneza kwamba jini limerudi. Safari hii la kiume. Linakoroma.