Kuku Wangu Wananukuliwa

Jumatatu, 3 Machi
Balaa! Mkuu wa kitivo katangaza kwamba kamati ya vyeo inakaa Ijumaa, na safari hii haitaangalia miaka ya mtu kazini wala ukubwa wa kitambi chake. Itaangalia makala zake zimenukuliwa mara ngapi na watafiti wengine. Kompyuta ndiyo inayohesabu. Majina yameshabandikwa karibu na choo. Mimi: mara tatu. Mbili nimejinukuu mwenyewe. Ya tatu ni mke wangu, enzi za uchumba.

Jirani yangu wa ofisi, tunayemwita Kasuku, ana mia na ushei. Kanipa pole. Pole yake imenikera kuliko tusi.

Mama mkwe nilishamwambia tangu mwaka jana kwamba mimi ni mhadhiri mwandamizi! Anakuja Jumapili kunipongeza. Nisipopata cheo Ijumaa, uso wangu nitauweka wapi?

Jumanne, 4 Machi
Nimepata akili. Nimewaambia wanafunzi kwamba mtu mwenye busara hunukuu makala yangu ya kuku. (Kuku wa banda moja waliwekewa muziki, wa banda la pili waliachwa kimya. Wa muziki walitaga kidogo mno. Hitimisho: muziki huzuia utagaji. Kazi safi kabisa.)

Wamenitii. Mmoja kaninukuu hata kwenye barua ya kuomba ruhusa akang'oe jino. Kisha mkutubi ananiambia kompyuta haihesabu kazi za darasani, ila zilizochapishwa tu. Angesema jana angepungukiwa nini?

Jumatano, 5 Machi
Nikajikaza, nikaenda kwa Kasuku. Makala zetu mpya, yangu na yake, zilikuwa zinatoka mtandaoni leo, tukakubaliana aninukuu, nimnukuu. Mimi nimemnukuu mara saba, hata pale ninapoishukuru familia. Yeye kaninukuu mara moja, tena jina langu kalikosea herufi. Sifa zote zimemwendea daktari wa meno wa ng'ambo mwenye jina hilo! Kasuku anasema ni bahati mbaya. Bahati mbaya gani inachekelea vile?

Alhamisi, 6 Machi
Jamani! Asubuhi nafungua kompyuta: sitini na moja! Nimepiga vigelegele, mwanamume mzima. Nikampigia mama mkwe, nikamwambia aje na shoga zake. Nikapita mlangoni kwa Kasuku bila kuwa na shughuli naye, nikikohoa.

Alasiri ndipo nikasoma walichosema. Mtaalamu mmoja kaandika juu ya makosa ya utafiti, na wenzake wote wanamfuata. Mfano wake wa kwanza ni mimi! Kaikuza picha ya makala yangu, akaona vilemba vikubwa vyekundu vichwani mwa kuku. Nusu ya banda la muziki ni majogoo.

Sasa kosa langu liko wapi? Mtunza mabanda nilimwambia aniletee kuku, akaniletea kuku. Jogoo si kuku?

Ee Mola, kamati ihesabu tu, isisome!

Ijumaa, 7 Machi
Sikupata usingizi. Mkuu akasoma: sitini na moja. Makofi! Nikainuka kushukuru. Hapo mama mmoja, profesa wa mifugo, akauliza kwa upole kama nina habari kwamba jogoo hatagi. Nikamjibu kwamba matokeo yangu yanathibitisha hilohilo.

Walicheka mpaka wakafuta machozi. Uamuzi: nichapishe masahihisho kwanza, habari ya cheo baadaye. Nimerudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

Jumapili, 9 Machi
Mama mkwe kafika na shoga zake, na zawadi ya pongezi. Jogoo! Kumbe mke wangu alishamwambia yote. Kanikabidhi mkononi, akaniambia mkwe wangu, huyu ni wa kuchinja, usije ukamngojea mayai. Shoga wakaangua kicheko. Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikajifungia chumbani nikaapa kwamba kuanzia leo nafanya utafiti wa kweli, polepole, kwa uaminifu.

Kabla ya kulala nikachungulia kompyuta. Sabini na nne!

Kumbe kompyuta nayo haijui kutofautisha, sifa na dhihaka yenyewe inahesabu tu. Nimeanza kuandika masahihisho sasa hivi. Jogoo wa mama mkwe nimempiga picha nzuri, kilemba chote kinaonekana, nikaiweka ukurasa wa kwanza. Chini yake nimeandika: mtetea bora, hutaga kila siku.