Mashini ya Bluu Yenye Nguvu ya Saba

Jumatatu, 3 Juni 2024
Dada yangu Félicité ameuza mbuzi wawili ili binti yake Alida apate ordinateur, kompyuta ya kuandikia. Mutoto anamaliza graduat ya kilimo, ile digrii ya miaka mitatu. Kazi yake, kurasa arobaini juu ya ugonjwa wa mihogo ya Mboko, iko kwenye daftari, kwa mkono. Jumamosi saa sita mchana lazima ifike shuleni, imechapwa. Ikichelewa, anangoja mwaka mzima.

Nani achague mashini? Mi, Rénovat. Nani mwingine hapa Baraka amefika Kigoma, Bujumbura, na kuona Lubumbashi kupitia dirisha la ndege?

Duka la Nicolas lina mbili, zote zimeshatumika. Moja ina kibandiko cha bluu: prosesa, ule ubongo wake, nambari 7. Nyingine kibandiko chekundu, nambari 3. Alida anasema hiyo 7 ni ya zamani, inakula umeme. Ile 3 ni ya juzijuzi, inakula kidogo. Eddy, mwenye nyumba ya kuchajia simu, anasema vilevile. Basi imekwisha. Eddy akisema kushoto, mi ninaenda kulia. Tena, tangu lini tatu ikashinda saba?

Jumanne, 4 Juni
Nimepima kama watu wenye akili wanavyopima moteri ya mutumbwi: kwa masikio. Nimeleta wavuvi wawili wa Lweba, Néhémie na Kwizera. Hawa wanasikia moteri ya nguvu za farasi arobaini ingali mbali huko Ubwari, wanakuambia ni ya nani.

Nyekundu: kimya. Néhémie aliuliza kwa huruma kama iko mugonjwa. Bluu: vuuuu. Kwizera aliweka kiganja chini yake, akakiondoa haraka, akasema hii ndiyo mashini, inawaka. Nicolas alikohoa ndani ya mkono wake. Alida aliangalia dari.

Tumenunua bluu.

Jumatano, 5 Juni
Bluu iliandika vizuri kwa dakika hamsini. Kisha ikazima. Nilimwambia Alida inapumua.

Kwa Eddy sasa, maana umeme wetu ni jua lake, paneli zilizo juu ya paa. Alipoichomeka tu, simu zote za mstari wa juu zikaacha kuchaji. Bamama wa soko walikuja juu. Mmoja aliuliza kama nimeleta ordinateur ao kinu cha kusagia unga. Eddy alisema, taratibu kabisa, nilete kila siku saa sita, jua likiwa kali, atanipa saa moja. Saa moja! Mi si mwombaji. Nimebeba mashini yangu, nimetoka kifua mbele.

Alhamisi, 6 Juni
Akili. Wavuvi wa ndagala, wale dagaa, wana betri za taa za kuwavutia usiku, na mchana zinakaa bure. Nimeazima zote nne za Néhémie, nikamwahidi zitarudi zimejaa. Alida ameandika mpaka ukurasa wa kumi na tisa. Mashini ilinguruma kama boti ya Uvira. Nilikaa karibu, najipongeza.

Betri zilirudi jioni. Kujaa, hapana.

Ijumaa, 7 Juni
Néhémie kafika asubuhi na sufuria tupu. Taa zake zilizima katikati ya ziwa. Ndagala walifuata taa za wengine. Hakupiga kelele. Aliuliza tu batoto wake wale nini, nguvu ya saba? Hilo limeniuma. Nimempa jogoo wangu na debe langu la unga, bila yeye kuomba.

Na kurasa ishirini na moja zimebaki. Nimemtafuta Alida kila mahali. Yuko kwa Eddy! Eddy amemuazima ordinateur yake mwenyewe. Kibandiko chekundu. Kimya kabisa. Nilisimama mlangoni. Eddy akaniambia, kaka, haiko mugonjwa, ina adabu tu, ingia.

Nimeingia. Si kwa ajili yake. Nimemsomea Alida daftari kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, mpaka koo likakauka, yeye anapiga vidole. Sehemu zenye maneno magumu nilizisoma kwa sauti kubwa zaidi.

Jumamosi, 8 Juni
Imefika shuleni saa tano na nusu. Félicité amelia njiani, mbele ya watu. Alida kamshukuru Eddy, kisha kanishika mkono, akasema kwamba bila sauti ya mujomba asingemaliza. Nimemwambia ndiyo, nilijua tangu mwanzo.

Jumapili, 9 Juni
Baada ya ibada, mzee Eugène amesema kanisa linataka kununua imprimante ya kuchapia nyimbo. Eddy kataja moja ndogo. Nimesimama mbele ya wote, nikawauliza kama tunamchapia Mungu ao panya. Kesho ninaazima mizani ya mihogo kwa wauzaji wa Mboko. Imprimante itakayokuwa nzito kuliko zote, ndiyo tutakayonunua.